Moyo, Presha na Kipimo: Habari za Maradhi ya Moyo katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Mwalimu au kasisi akaaye Kinondoni au Temeke husikia maneno haya karibu kila juma: fulani ana presha, fulani amepatwa na kiharusi, fulani moyo wake umetanuka. Husikia pia dawa nyingi zitajwazo pamoja na maradhi hayo: mlonge, kitunguu saumu, choya, mwarobaini, na mizizi mingine ambayo jina lake mwenye kuuza hapendi kulitaja. Katika makala hii nataka kueleza jinsi watu wa pwani walivyoufahamu moyo tangu zamani, jinsi maradhi haya mapya yalivyokuja kujulikana, na nguvu ya dawa za asili ni ya kadiri gani. Neno nitakalolishika toka mwanzo hata mwisho ni moja. Moyo hautoi habari zake zote kwa mwenyewe, kwa hiyo hauna budi kupimwa. Na dawa ya moyo, iwe ya porini au ya dukani, si dawa mpaka imejulikana kipimo chake.

Moyo katika lugha

Kiswahili kimeutwika moyo mzigo mkubwa. Mtu hufa moyo, huvunjika moyo, hupiga moyo konde, hutiwa moyo na wenzake. Washairi wa kale walipenda kusema mtima, neno ambalo makabila mengi ya bara hulitumia hata leo kwa maana ya moyo. Wafasiri wa Maandiko walipata urahisi katika jambo hili, kwa kuwa katika Kiebrania pia moyo ndio makao ya fikira na nia, wala si ya mapenzi peke yake.

Lakini tukiutafuta moyo wa nyama, wenye vyumba vinne, usukumao damu mchana na usiku, twaona ya kuwa lugha huuchanganya na jirani zake. Asemaye, "Moyo wangu umechafuka," ana kichefuchefu, na ugonjwa wake u tumboni. Chembe cha moyo ni pale chini ya kidari, mahali pa tumbo. Tena yako maneno ya mwendo wa moyo: moyo wanipapa, wanidunda, waenda mbio, nina kiherehere cha moyo. Maneno haya ni mazuri, na tabibu mwenye busara huyasikiliza. Walakini yote yanafanana katika jambo moja, nayo ni kwamba yanataja kitu ambacho mgonjwa anakisikia mwenyewe. Hata kuvimba miguu, ambako mara nyingi ni dalili ya moyo ulioshindwa kazi yake, watu walikuhesabu pamoja na safura, au walisema mtu ametupiwa kitu na adui.

Basi msomaji alikumbuke jambo hili, maana ndilo mzizi wa habari zote zifuatazo. Wazee wetu walikuwa na maneno mengi ya moyo unaosikika. Ugonjwa ambao hausikiki, unaokaa mwilini miaka kumi bila kuuma, ulikuja kujulikana baadaye, nao umepewa jina la kuazima.

Sumu ya mishale iliyogeuka dawa

Wako wadhanio ya kwamba dawa za moyo zote zilitoka Ulaya. Historia yaonyesha vingine. Wawindaji wa Afrika ya Mashariki walijua, karne nyingi kabla ya hospitali yo yote, mimea iwezayo kuusimamisha moyo. Mmoja ni msunguti, ambao Wagiriama, Wakamba na wengine waliuchemsha wakapata utomvu mweusi wa kupaka mishale. Mwingine ni mmea utambaao uitwao kombe katika nchi ya mto Shire, ambao jamaa zake huota katika pwani ya Tanzania pia.

Katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi, kati ya miaka 1858 na 1864, alikuwamo tabibu kijana mwenye elimu ya mimea, jina lake John Kirk. Alikusanya sumu ya kombe akaichukua mfukoni, na mswaki wake ulikuwamo mfukoni humo humo. Siku moja alipopiga mswaki alisikia uchungu kinywani, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua mwendo. Hakulipuuza jambo hilo. Habari zake na vipande vya sumu hiyo vilifika Uingereza, na Thomas Fraser wa chuo kikuu cha Edinburgh akaichunguza kwa miaka mingi, akatoa ndani yake kitu akakiita strofanthini. Katika miaka ya 1880 madaktari walianza kuwapa wagonjwa wa moyo dawa hiyo, na mwaka 1906 Albert Fraenkel huko Strasbourg akaanza kuitia katika mshipa wa damu. Kirk mwenyewe alikuja Unguja mwaka 1866, akakaa huko miaka 20 hivi, akawa balozi wa Uingereza. Ndiye aliyeshiriki katika mapatano ya mwaka 1873 yaliyofunga soko la watumwa. Nayo sumu ya msunguti ilichunguzwa Ufaransa. Mwaka 1888 Arnaud alitoa ndani yake kitu kiitwacho uabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu hiyo ya mishale.

Kisa hiki kina ndugu yake huko Uingereza. Mwaka 1785 tabibu William Withering alitoa kitabu juu ya jani la dijitali. Alikuwa amepata habari za dawa ya bibi mmoja wa shamba aliyewatibu watu waliovimba miili, ikiwa na majani ya namna 20 au zaidi. Withering alitambua jani lenye nguvu katika mchanganyiko ule. Kisha akafanya kazi ya miaka 10, akiandika ni kiasi gani kilimponya mgonjwa na ni kiasi gani kilimtapisha, kikampunguzia mapigo ya moyo na kumhatarisha. Kutoka jamaa ya mmea huo ilipatikana mwaka 1930 dawa ya digoksini, ambayo madaktari wanaitumia hata leo.

Twajifunza nini hapa? Kwanza, asiidharau mtu elimu ya wazee wa porini, maana Waafrika waliijua nguvu ya kombe na msunguti kabla ya Edinburgh na Paris. Pili, kitu kile kile kilichomwua mnyama kilimsaidia mgonjwa, na kati ya mauti na msaada palikuwa na kipimo tu. Dawa za namna hii huutia moyo nguvu na kuupunguzia haraka. Zikizidi kidogo, moyo hupotewa na mwendo wake ukasimama. Kwa hiyo mtu asithubutu kuchemsha msunguti nyumbani kwa kuwa amesoma ya kwamba ni dawa ya moyo. Aliyesema dawa ya asili haina madhara hakuwauliza wawindaji.

Ugonjwa usiosikika

Sasa tuje kwenye ugonjwa ambao wazee hawakuupa jina. Damu ipitapo katika mishipa husukuma kuta zake, kama maji yasukumavyo kuta za mpira wa bustani. Msukumo huo ukizidi siku zote, mishipa hukakamaa, moyo hunenepa kwa kazi nyingi, figo huharibika, na mwisho mshipa wa ubongo huziba au hupasuka. Kitabu huuita shinikizo la juu la damu; mitaani huitwa presha.

Msukumo huo haukuweza kupimwa kwa urahisi mpaka mwaka 1896, Scipione Riva-Rocci wa Italia alipotengeneza mpira wa kufunga mkononi wenye bomba la zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akaonyesha jinsi ya kusikiliza mshipa chini ya mpira huo, hata zikapatikana namba mbili: ya juu, moyo unapojikaza, na ya chini, unapolegea. Madaktari wengi wamekubali ya kwamba mtu mzima akipimwa mara kadhaa akaonekana na 140 kwa 90 au zaidi, ana presha.

Kipimo hicho kilifika Afrika ya Mashariki mapema. Mwaka 1929 tabibu C. P. Donnison alichapisha habari za wanaume 1,000 aliowapima katika Kavirondo ya Kusini, Kenya. Aliona ya kuwa kwa Wazungu msukumo wa damu hupanda kadiri mtu azeekavyo, lakini kwa wenyeji wale haukupanda. Baada ya miaka 40 hata ulishuka. Wengi walikata shauri ya kwamba Mwafrika hana ugonjwa huu kwa asili yake, na wazo hilo liliendelea kwa muda mrefu.

Miaka 60 baadaye wazo hilo lilijaribiwa katika nchi ile ile. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walieleza habari za Wajaluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi. Baada ya muda mfupi tu mjini msukumo wa damu yao ulizidi ule wa ndugu zao waliobaki nyumbani. Chumvi katika mkojo ilizidi, potasi ya mboga na matunda ikapungua, na moyo ukaenda upesi zaidi. Basi haikuwa damu ya kabila iliyowalinda watu wa Donnison, bali chakula chao na mwenendo wao.

Mji uliokua

Dar es Salaam yenyewe ilianzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, katika nchi ya Wazaramo. Mwaka 1957 watu wake walihesabiwa wakawa 128,742. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541, na katika hao Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049 na Temeke 1,368,881. Mwaka 2022, baada ya wilaya za Ubungo na Kigamboni kutengwa, mkoa wote ulikuwa na watu 5,383,728. Mahali palipokuwa mashamba ya minazi na mihogo pamekuwa nyumba zilizobanana, na mtu aliyezoea kwenda shambani kwa miguu sasa huketi katika daladala saa mbili asubuhi na saa mbili jioni.

Mtu angetazamia ya kwamba kila ahamiaye mjini hupanda presha mara moja, kama Wajaluo wa Nairobi. Kipimo kilileta jawabu jingine. Mwaka 2010 Nigel Unwin na wenzake walitoa habari za watu 209, wengi wao vijana, waliohama kutoka Morogoro Vijijini kuja Dar es Salaam. Watu 132 katika hao walifuatiwa kwa miezi 12. Kazi za kutoa jasho zilipungua sana: wanaume wenye kazi ngumu walikuwa 79 katika 100, wakabaki 26 au 27; uzito wa mwili uliongezeka zaidi ya kilo 2 kwa wanaume na kwa wanawake pia. Walakini walikula matunda na mboga mbichi zaidi kuliko nyumbani, na msukumo wa damu, badala ya kupanda, ulishuka kidogo.

Nao Richard Edwards na wenzake, katika habari walizochapisha mwaka 2000, walilinganisha Ilala mjini na kijiji cha Shari huko Kilimanjaro. Katika kila watu wazima 100, wenye presha Ilala walikuwa karibu 30, na Shari karibu 32. Kijiji hakikuwa kinga.

Kwa hiyo tusiwaambie watu ya kwamba mji ni sumu na kijiji ni dawa. Mji una mboga sokoni na una chumvi mezani. Una hospitali karibu na una kiti cha kukalia kutwa. Kilo zilizoongezeka katika mwaka wa kwanza ni deni, na deni la mwili hudaiwa baadaye.

Majina na matokeo yake

Habari iliyo nzito kuliko zote katika uchunguzi wa Ilala na Shari ni hii. Katika kila watu 100 wenye presha, hawakutimia 20 waliojua ya kuwa wanayo. Kama 10 walikuwa wakitibiwa. Na hakutimia hata 1 ambaye presha yake ilikuwa imeshushwa ipasavyo. Uchunguzi mwingine wa Pascal Bovet na wenzake, uliochapishwa mwaka 2002, ulipima watu 9,254 wa Dar es Salaam wenye miaka 25 hadi 64. Wanaume 27 na wanawake 30 katika kila 100 walikuwa na presha. Baadaye watu 161 walioonekana na presha wakashauriwa kwenda kutibiwa walifuatiwa kwa mwaka mzima: waliofika kwa mganga wa hospitali hata mara moja walikuwa theluthi moja tu.

Kwa nini mtu aambiwe ana ugonjwa naye asiende? Umaskini ni sababu, na foleni ya hospitali ni sababu. Walakini iko sababu nyingine, nayo imo katika lugha. Mwaka 2003 Helene Strahl aliandika juu ya jinsi watu wa Dar es Salaam wanavyoifahamu presha. Ye yote aliyekaa mitaani ameyasikia mafahamu hayo. Watu hugawa presha mara mbili: presha ya kupanda na presha ya kushuka. Huisema kama kitu kinachokuja na kuondoka: "Presha ilinipanda jana nilipopata habari za msiba." Sababu yake hutajwa kuwa mawazo, hasira, deni la kodi, mume asiyerudi nyumbani. Dalili zake husemwa ni kichwa kuuma, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Kwa ufupi, jina ni geni, bali maana ni ile ya kale: moyo unaosikika.

Si uongo wote. Hasira na huzuni huweza kupandisha msukumo wa damu kwa muda. Lakini matunda ya fahamu hii ni mabaya. Asiyesikia kitu hudhani hana kitu. Apewaye vidonge huvimeza siku tatu, kichwa kikatulia, akaviweka kabatini mpaka presha "irudi." Kumbe haikuondoka. Kidonge cha presha hufanya kazi siku kinapomezwa, kama mwavuli uzuiavyo mvua wakati umekunjuliwa.

Neno kiharusi nalo lina mambo yake. Mtu alalaye mzima akaamka upande mmoja wa mwili umekufa na mdomo umepinda, husemwa amepigwa na upepo au amekumbwa na shetani. Uchunguzi wa Gerry Mshana na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulilinganisha Dar es Salaam na wilaya ya Hai. Huko Hai, shambani, watu wengi walikitaja kiharusi kuwa tunda la presha, la vyakula vya mafuta na la mawazo, wakaenda hospitali kwanza. Dar es Salaam, mjini, wengi walikitaja kuwa kazi ya majini na uchawi, wakaiepuka hospitali, wakaenda kwa mganga wa kienyeji kwanza. Hivyo ndivyo walivyoonya watu zamani juu ya degedege, ya kwamba mtoto asichomwe sindano. Na watoto wengi walipotea kwa onyo hilo. Jina la ugonjwa ndilo linaloonyesha njia ya kwenda, nayo njia ikipotoka, hata aliye hatua chache kutoka hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala hafiki kwa wakati.

Mitishamba na mizani yake

Haifai kwa haya yote kumtukana mganga. Lloyd Swantz, mmisionari wa Kilutheri, aliwachunguza waganga wa Wazaramo wa Dar es Salaam, akaonyesha ya kuwa mganga hatoi mizizi tu. Humsikiliza mgonjwa na kuyapanga mambo ya nyumba yake yaliyovurugika. Serikali nayo haikuitupa elimu hii. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho mwaka 1991 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Na mwaka 2002 ikatungwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala, iliyoweka baraza la kuwaandikisha waganga.

Basi swali la haki kwa dawa ya mitishamba ni lile lile liulizwalo kwa kidonge: imepimwa? Choya, lile ua jekundu lichemshwalo kama chai, limepimwa. Mwaka 2010 huko Marekani watu 65 wenye msukumo wa damu uliozidi kidogo waligawanywa. Wengine walikunywa vikombe vitatu vya choya kila siku kwa majuma sita, wengine maji ya rangi na ladha kama hiyo. Namba ya juu ilishuka 7 hivi kwa wanywao choya, na 1 hivi kwa wenzao. Ni faida ya kweli, lakini ni ndogo: aliye na 180 hatashuka hadi 130 kwa choya. Kitunguu saumu nacho kimeonekana kushusha kidogo. Mlonge ni mboga njema, lakini kuwa mboga njema hakutoshi kuwa tiba ya presha. Na nchini India mzizi mmoja wa jamaa ya msesewe wa Kilimanjaro ulipimwa na Rustom Vakil wa Bombay, akachapisha habari zake mwaka 1949. Ukazaa dawa ya reserpini, iliyotumiwa duniani kote, ijapokuwa wengine iliwatia huzuni nzito ikabidi waiache.

Tiba ya asili iliyo na nguvu kuliko mizizi mingi iko jikoni na njiani. Mwaka 1997 ilichapishwa habari ya watu 459 huko Marekani waliopewa chakula cha aina mbalimbali kwa majuma manane. Wenye presha waliokula matunda na mboga kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi na nyama kidogo, walishuka namba ya juu 11 hivi, bila kidonge. Chakula hicho si cha kigeni kwetu: mchicha, matembele, kisamvu, kunde, maharage, ndizi, machungwa, vyote vimo katika soko la Tandika na la Magomeni. Kilichozidi ni chumvi na mafuta: ng'onda na samaki wa chumvi wasioroweshwa, chipsi zinazonyunyiziwa chumvi tena mezani, supu ya asubuhi. Shirika la Afya la Dunia lashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Tena lashauri mtu mzima atembee kwa haraka au afanye mazoezi dakika 150 kwa juma angalau. Kuacha tumbako, kupunguza pombe na kupunguza unene hukamilisha orodha hiyo.

Haya yote hayakatazi vidonge, na vidonge havikatazi haya. Aliyepewa vidonge asiviache kwa ajili ya chai ya choya. Na anywaye mitishamba amwambie daktari wake bila haya, maana dawa mbili zisizojuana huweza kugombana ndani ya mwili.

Koo la mtoto

Mwalimu wa shule ana sehemu yake peke yake katika habari hizi. Uko ugonjwa wa moyo uanzao utotoni, nao huanzia kooni. Mtoto hupata mafindofindo yaletwayo na vijidudu fulani. Yakiachwa bila dawa, baada ya majuma machache baadhi ya watoto hupata homa na viungo kuvimba, kimoja baada ya kingine. Homa hiyo hupita, lakini huacha makovu katika milango ya moyo, ile ifungayo na kufungua njia ya damu. Mtoto akifika miaka 15 hushindwa kukimbia na wenzake, hupumua kwa shida, na miguu huvimba. Katika mitaa iliyobanana vijidudu hivyo hupita upesi kutoka mtoto hata mtoto.

Desturi ya kukata kimeo ingaliko katika vitongoji vyetu. Mtoto akikohoa au akiumwa koo, hupelekwa kwa fundi akakatwa kile kidude cha kooni. Damu humtoka, na vijidudu humbakia. Penisilini ya bei ndogo, ikitolewa mapema, ingemlinda mtoto huyo. Na yule aliyekwisha kupata homa ya viungo hulindwa kwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma matatu au manne kwa miaka mingi. Zamani, moyo ukisha kuharibika, mgonjwa alipelekwa nje ya nchi, hasa India, kama alipata bahati. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa hapo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hiyo ni neema kubwa. Walakini kutibu koo ni kazi ya zahanati, na kutengeneza mlango wa moyo ni kazi ya mabingwa wachache. Heri kuikomesha hatari kooni.

Yatupasayo

Nathubutu kuwaomba walimu na makasisi mambo machache. Kwanza, tuirekebishe lugha yetu wenyewe. Tusiseme presha "imekuja" na "imeondoka". Tuseme imepimwa ikawa kadha wa kadha. Anayeuliza, "Unajisikiaje?" ameuliza vema, lakini anayeuliza, "Umepimwa lini?" ameuliza swali la kuokoa maisha. Pili, mtu mzima apimwe mara moja kwa mwaka angalau, hata akiwa hana ugonjwa. Ukumbi wa kanisa baada ya ibada ni mahali pazuri pa kazi hiyo, akipatikana muuguzi na mpira wa kupimia.

Tatu, watu wafundishwe dalili za haraka. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama ghafula, hicho ni kiharusi, na mahali pake ni hospitali saa ile ile. Kifua kikibana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakaenda mkononi au tayani, jasho baridi likatoka, ni hivyo hivyo. Atakaye kusali na asali, tena asali kwa bidii, ndani ya gari liendalo hospitali. Mwinjili Luka alikuwa tabibu, wala imani yake haikumfanya aone aibu kwa kazi yake.

Nne, tuwaheshimu wazee wenye elimu ya mimea, tuwaulize, tuandike majina ya miti yao kabla hayajapotea, na tuwaombe wakubali mizani. Kirk aliyashika mapigo yake kwa kidole akaandika alichokiona. Withering alihesabu majani kwa miaka 10. Hawakuwa na elimu ya kutuzidi katika jambo hilo, ila walikuwa na subira ya kupima.

Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humwumbua. Katika maradhi haya hata asiyeficha huumbuliwa, maana mwili wenyewe ndio unaomficha mwenyewe habari. Kwa hiyo anayemfikisha jirani yake wa Temeke au Kinondoni mbele ya kipimo, akamsaidia kukumbuka kidonge chake kila asubuhi na kupunguza chumvi katika chungu chake, amefanya kazi ya uganga iliyo njema, hata kama hajui jina la mti hata mmoja.